Kijiko cha Dabo

Kombania yetu ilipotaka sarafu yake, kazi ya kuichora niliangushiwa mimi, Pruitt, kwa kosa la kuchora vikatuni vya masajini kwenye mlango wa choo. Ajabu ni kwamba masajini walijitambua.

Hapa Texas kombania isiyo na sarafu ni jogoo asiye na kishungi. Sarafu yenyewe hainunui hata peremende. Mkubwa anakupa mkono, kumbe kaificha kiganjani, nawe unatoka hapo kifua mbele kama bwana harusi. Halafu siku moja baa, mtu anaigonga yake mezani, na asiyekuwa na yake anawanunulia wote bia.

Mimi nilitaka Dabrowski awemo. Dabo, kama tulivyomwita, alikuwa rafiki yangu. Gari letu lilipinduka mazoezini, gari ambalo breki zake tulishazilalamikia mpaka tukachoka. Mimi nilitoka na mkono uliovunjika. Yeye hakutoka. Enzi za uhai wake mfuko wake wa begani haukukosa kijiko cha bati, na ukifungua chakula tu, huyo hapo.

"Umemaliza hiyo?"

"Dabo, sijaanza!"

"Basi harakisha, bwana. Wenzio tuna njaa."

Nikampelekea Kapteni Breckner mchoro: tai, nyota, na chini jina la Dabo.

"Hili jina la nini?"

"La Dabrowski, afande."

"Pruitt, sarafu ni ya ushindi. Ajali haiwekwi kwenye sarafu." Akachukua kalamu, akalikata, akaandika lake. Kubwa zaidi.

"Ndiyo, afande," nikasema, nikaenda kumchora tai upya. Kucha za mguu wake wa kushoto zilishika mishale, na mshale mmoja nikaufanya kijiko. Kapteni alikagua herufi za jina lake, akaridhika, akasaini. Nikampigia simu mama yake Dabo, kule Ohio.

"Kijiko kiko mguu wa kushoto wa tai, mama. Usimwambie mtu."

Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. "Nitakuja na miwani."

Akaja kweli, siku ya kugawa sarafu, kavaa gauni la kanisani. Kapteni alisimama mbele yetu akainyanyua moja juu.

"Kiwanda kilichotuchongea sarafu kina macho!" alisema. "Wamegundua mshale mmoja una kichwa kilichoharibika. Wakaunyoosha, bure kabisa!"

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono ya askari huzoea.

Mama Dabrowski alipewa yake kwa mkono, kama desturi ilivyo. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena. Kisha akanijia.

"Kiko wapi, mwanangu?"

Nikaweka kidole kwenye mshale wowote. "Hiki hapa, mama."

"Hiki?"

"Kimechongoka kidogo."

Aliutazama muda mrefu. "Mwongo wewe, kama mwanangu," akasema taratibu. "Nimemsikia mkubwa wako."

Akamwendea kapteni, akamnyooshea mkono. Kapteni akaupokea huku akiitabasamia kamera, halafu akahisi kitu kiganjani, akatazama chini.

"Lakini mama, hii ni yako."

"Ina jina lako, kapteni. La mwanangu silioni."

Akavua miwani, akaitia mkobani, akaondoka bila kugusa keki ya sherehe.

Jioni tulikuwa baa. Sajini meja akagonga sarafu yake mezani. "Haya, toeni!" Kila mtu akatoa. Kapteni alitoa mbili, watu wakacheka wakidhani ni utani. Zamu yangu ilipofika, ningeweza kuiacha mfukoni, nikasema sina, nikawanywesha wote kwa ajili ya Dabo. Nilikuwa nimeipanga hata hotuba yake.

Kapteni alinitazama.

Nikaitoa, nikaigonga mezani kama wengine, tai juu, mishale yake yote imenyooka.