Kadi Yenye Sauti ya Shoto

Mimi ni msusi, na niseme mapema: mtu akija tena saluni kwangu kunipigia domo kuhusu pochi ya mtandaoni, nitamwacha nusu kichwa kimesukwa na nusu kimefumuka, atoke hivyo hivyo akachekwe barabarani. Sitanii. Wanaokuambia "ni salama, ni salama" huwaoni tena siku mambo yakiharibika.

Saluni tuko wawili, mimi na mdogo wangu. Jina analo, ila hakuna anayelitumia. Tangu utotoni tunamwita Redio, kwa sababu akiamka ameamka na wimbo, na hanyamazi mpaka usingizi umkamate. Kazi alitufundisha mama. Siku hizi vidole vyake vimekakamaa, hawezi kushika hata kitana, basi anakaa nyumbani, na akijisikia vizuri anakuja kuketi kwenye benchi la wateja na kutukosoa. Juu yetu alikuwepo kaka. Huyo kila kitu alifanya kwa mkono wa kushoto, kuanzia kurusha mawe mpaka kupiga gitaa, ndiyo maana akaitwa Shoto.

Shoto alipiga gitaa kwenye bendi ya yule mwimbaji ambaye mashabiki wanamwita Jogoo. Mnamjua aina yake: miwani myeusi hata ndani ya nyumba, magari, picha kila ukuta. Katika nyimbo zake zote zilizovuma, lile gitaa linaloanza kabla hajafungua mdomo ni la kaka yetu. Lakini Shoto alikuwa mtu wa nyuma. Ukitafuta picha utaona bega lake. Ukitafuta sauti utasikia gitaa chini ya kelele za Jogoo. Halafu gari la bendi likapata ajali, na aliyekufa ni mmoja tu, wetu. Simu yake ilipotelea huko huko, na za kwetu, aibu kusema, zilikuwa zimejaa picha za vichwa vya wateja. Mama hakubakiwa na sauti ya mwanawe hata ya kusema haloo.

Ndipo Jogoo akatangaza kadi zake za mtandaoni. Redio alinieleza mara tatu ndipo nikaelewa. Kadi yenyewe ni picha tu, inakaa ndani ya simu, lakini kila moja ni ya kipekee na ina mwenyewe mmoja. Na ndani ya kila kadi imefungiwa rekodi moja ya mazoezi ambayo haijawahi kutoka. Anayeishika kadi ndiye peke yake anayeweza kuifungua, na rekodi zote zingefunguka siku moja, Jumamosi ambayo albamu mpya ingetoka. Kati ya hizo kadi moja ilichorwa gitaa lililogeuzwa, na chini yake pameandikwa: Shoto peke yake, kabla ya mazoezi. Mwishoni anaongea.

Redio alimsomea mama. Mama akatazama ile picha kwenye simu, akaigusa kwa kile kidole chake kigumu, picha ikakimbia, Redio akairudisha.

"Nunueni," mama akasema. "Uzeni hata hili benchi."

Hatukuuza benchi, tuliuza draya moja kati ya mbili, na mpaka leo wateja wanasubiriana na kunung'unika. Potelea mbali. Ningeuza na ya pili.

Aliyetufungulia pochi, yaani mahali pa kuitunzia kadi tuliyonunua ndani ya simu, ni fundi simu wa ng'ambo ya barabara, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hana mzaha kabisa. Pochi ikatoa maneno kumi na mawili yasiyo na kichwa wala miguu: mbuzi, ngazi, kijiko, na mengine, yote niliyajua baadaye, mambo yameshaharibika. Fundi akamshika Redio mkono.

"Nisikilize, mdogo wangu. Hii si benki. Hakuna meneja, hakuna dirisha la malalamiko. Mwenye haya maneno ndiye mwenye pochi. Usiyapige picha, usiyaweke kwenye simu, usimwambie mtu, hata huyu dada yako. Yaandike kwa mkono, ufiche unapoficha vitu vyako vya maana."

Sasa Redio na vitu vya maana! Huyu mtu alipoteza cheti chake cha kuzaliwa akiwa ndani ya ofisi walikompa. Karatasi kwake haimalizi wiki. Naye anajijua, basi akafanya kama tunavyofanya sisi.

Kwenye saluni yetu mtindo haufundishwi kwa kuandika. Kila mtindo una wimbo wake: hapa gawa, hapa pita chini, hapa vuta, hapa ficha. Mama alitupa mitindo yote kwa nyimbo, na sijasahau hata mmoja, kwa sababu mikono ikianza mdomo unafuata wenyewe. Redio akayatungia yale maneno kumi na mawili wimbo. Mzuri, tena, na kiitikio. Aliapa kwamba alikuwa akiuimba kimoyomoyo, na mimi naamini aliamini hivyo. Ila mikono ikiwa kichwani mwa mtu, moyo na mdomo wa Redio ni nyumba isiyo na mlango. Nilimsikia siku moja, "mbuzi kapanda ngazi, kijiko mkononi," nikadhani ni mtindo mpya unaokuja.

Tuna mteja tunamwita Bi Harusi, kwa sababu kila mwezi anaolewa mwezi ujao. Mtu wa watu, hana baya. Siku hiyo Redio anamsuka, yeye kanyoosha simu anajirekodi anavyopendeza, akaitupa video mtandaoni. Na kwa sababu alitupenda, akaongeza maneno: Nasukwa na Redio mwenyewe, mwenye ile kadi ya gitaa ya Jogoo!

Baada ya siku chache Redio alifungua pochi yake, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi kabla ya kufagia. Nikasikia ufagio umeanguka.

"Dada, haipo."

"Nini haipo?"

"Kadi. Pochi ni tupu."

Tukavuka barabara mbio, mimi na kitana kichwani. Fundi simu akabonyeza, akabonyeza tena, akatuonyesha. Kadi ilikuwepo, gitaa lile lile, maandishi yale yale. Ila chini, pale palipokuwa na pochi ya Redio, palikuwa na pochi nyingine, mstari mrefu wa herufi na namba, huwezi hata kuutukana.

"Ulimwambia nani yale maneno?" fundi akauliza.

"Sikumwambia mtu! Wallahi sikumwambia mtu!"

Bi Harusi akaingia wakati huo huo, anacheka, anataka kutuonyesha jinsi video yake inavyotazamwa. Watu walikuwa wanauliza wimbo ule ni wa nani. Akaongeza sauti. Tukasimama wanne tunasikiliza Redio anavyoimba, sauti safi, neno kwa neno. Neno la tatu halijaisha, Redio akaziba masikio. Fundi simu alivua miwani yake, na Bi Harusi akabaki anatutazama mmoja mmoja, "Nini? Nimefanya nini?" Masikini, hakuwa amefanya lolote. Nilitaka kumpiga mtu siku ile na hapakuwa na wa kumpiga.

Polisi walitupokea vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Askari akachukua kalamu.

"Mmeibiwa nini?"

"Kadi, afande. Ya kwenye simu."

"Iko wapi?"

Redio akamwonyesha. Askari akatazama simu, akatutazama.

"Si hii hapa naiona?"

"Ndiyo, lakini si yetu tena."

"Aliyeichukua yuko wapi?"

Tukamwonyesha ule mstari wa herufi na namba. Alijaribu kuusoma kwa sauti, akaishia katikati. Akasema pole. Nilimwona anasema kutoka moyoni, na ndipo nikajua yameisha, maana mtu mwenye bunduki akikuonea huruma ujue huna pa kwenda.

Kampuni yenye ile programu ya pochi tuliiandikia, kikajibu kitu ambacho fundi alisema si mtu. Kilitupa pole kwa usumbufu, kikatueleza kwamba mali ikishahamishwa hairudi, kikatuomba tukipe nyota za kusifia huduma yake. Nyota! Ningekipa nyota ningeiwasha moto kwanza.

Tukafunga saluni tukaenda ofisi ya Jogoo. Mwenyewe hatukumwona. Tulimwona meneja wake, kijana nadhifu, aliyewahi kula nyumbani kwetu Shoto alipokuwa hai. Nilipiga magoti, nasema wazi, mimi ambaye sijampigia mwanamume magoti. Nikamwambia kadi yenyewe hatuitaki, abaki nayo huyo mwizi, tunaomba tu nakala ya rekodi ili mama aisikie.

"Dada yangu, naomba inuka," akasema. "Tuliahidi kila rekodi ni ya mtu mmoja. Hicho ndicho watu walichonunua. Nikikupa wewe, kadi ile haina maana tena, na aliyenayo atatushtaki."

"Aliyenayo ni mwizi!"

"Mimi najuaje? Kwetu sisi, aliyeishika kadi ndiye mwenye kadi."

"Na sauti ya kaka yangu?"

"Sauti ni ya kampuni, dada. Hata mngekuwa na kadi, isingekuwa yenu. Mngesikiliza tu."

Kusikiliza tu! Kana kwamba tulitaka kingine. Redio alikuwa pembeni, hajafungua mdomo. Tangu siku ile ya video saluni yetu ilikuwa kimya, na wateja walidhani tumegombana.

Mama hatukumwambia. Nilijidanganya labda fundi atapata njia, labda mwizi ataingiwa na imani, na siku zikaenda. Jumamosi ilipofika mama alikuja saluni amevaa gauni lake la kutokea na viatu, akaketi kwenye benchi, akaweka mikono mapajani. Alikuwa amejipaka mafuta. Bi Harusi, aliyekuwa chini ya draya, akainuka na kutoka nywele zikichuruzika maji.

Nikamwambia. Nilianza vizuri, nikaishia kulia kama mtoto. Redio alijikunja sakafuni kwenye nywele zilizokatwa na kusema ni yeye, ni yeye, na mama akamwambia nyamaza, hukuua mtu. Draya ilikuwa bado inavuma peke yake.

"Basi huyo aliyeichukua," mama akasema, "leo atamsikiliza?"

Redio akaifungua simu. Chini ya kila kadi watu wa Jogoo waliweka maandishi ya kuonyesha kama rekodi imeshasikilizwa. Nyingine zote zilikuwa zimefunguliwa tangu asubuhi. Ya Shoto ilisema: Haijafunguliwa. Fundi simu alikuja kutueleza. Kadi ilikuwa imeshauzwa, sasa iko kwa mtu mwenye kadi mamia kwa mamia, za wacheza mpira, za waigizaji, za nyani waliochorwa. Watu kama hao hawasikilizi. Wanasubiri bei ipande.

Kumwandikia hatukuweza, ule mstari haupokei barua. Kumlaani tulimlaani, haikusaidia.

Tangu hapo mama anakuja karibu kila siku. Hakosoi tena. Anaketi, anapumzika, anauliza, "Amesikiliza?" Nami naangalia simu nasema, "Bado, mama." Anatikisa kichwa kwa huruma, sijui anamhurumia nani. Afadhali angenigombeza. Nimesuka vichwa vya watu vibaya mwezi huu, nimefumua na kurudia, mikono haina akili.

Juzi alikuja amechoka sana. Alipanda ngazi mbili za mlango kwa kushika ukuta, pumzi zikimpaa, na kabla hata hajaketi akauliza. Simu ilisema vile vile. Na mimi, Mungu anisamehe, nikashindwa. Nikasema, "Ndiyo, mama. Amesikiliza leo asubuhi."

Redio akageuka kunitazama. Mama akaketi polepole. Uso wake ukafunguka namna ambayo sijaiona tangu tumzike Shoto, akanishika mkono kwa vile vidole vyake, akanivuta niiname.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya niambie, mwanangu kasema nini?"