Gunia la Pembeni

"Karatasi ni nzuri," alisema Pimamaji, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Huo ndio ulikuwa mzaha wake, na kila Jumamosi walikuwa wakiungoja. Sheria ya chama chao cha wapiga picha ilisema ukiitwa kuzungumzia picha ya mwenzio, uanze na jema. Jema la Pimamaji halikuvuka karatasi. Siku akiamka vizuri sana atakwambia na wino nao haukuwa haba. Kisha anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, na hapo unajua leo umepatikana.

Jina hilo walimpa wanachama wenyewe, kutokana na kile chombo cha waashi cha kupimia kama ukuta umesimama au umelala. Jicho lake lilikuwa chombo hichohicho. Jengo likiegemea kwa unene wa ukucha, yeye ameshaona kabla hajaketi. Studio yake ilikuwa mtaa wa pili, ya picha za vitambulisho na za harusi, lakini hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Roho yake ilikuwa kwenye majengo na mandhari. Madaraja yake, minara yake na vilima vyake vilitundikwa kwenye ofisi za watu wazito, kwa hiyo akisema jambo, nani abishe? Kweli, mdomo wake ulikuwa umeshawakimbiza wanachama kadhaa. Waliobaki walisema ndilo chujio.

Picha iliyobandikwa ubaoni haikuwa na jina, na hilo nalo lilikuwa sheria. Uwe mwanachama au mgeni, unamkabidhi mwenyekiti picha yako ndani ya bahasha, yeye anaibandika, wenzako wanaisema, na wewe mwenyewe umekaa humohumo, uso mkavu, hadi wa mwisho amalize. Wenyewe waliita huko kumeza. Yakiisha unasimama, unasema "nimemeza", na hapo tu ndipo unaruhusiwa kujieleza.

Walikutana ghorofani, juu ya duka la madaftari, katika chumba chenye viti vya plastiki na feni iliyozunguka ikipenda. Siku hiyo kulikuwa na sura ngeni karibu na mlango. Alikuwa dada yake Pimamaji, mwalimu wa shule ya msingi, aliyemtangulia kuzaliwa. Pimamaji alipomwona akiingia alidhani ana ujumbe wa nyumbani.

"Hapana, nimekuja kuwasikiliza," dada alisema.

Basi Pimamaji akamvutia kiti, akakipangusa vumbi, akarudi mahali pake kifua mbele. Miaka yote alitamani mtu wa kwao amwone anavyosikilizwa. Siku imefika, na chumvi ikamzidi mdomoni.

Picha yenyewe ilikuwa ya nyumba ndogo iliyoshika mteremko, asubuhi yenye ukungu. Nyuma yake vilima vilipandiana, mbele yake njia nyembamba ilipanda ikapotea. Kushoto kabisa, kwenye kivuli cha ukuta, kulikuwa na kitu cha kijivu kilichokaa chini. Binti mmoja mfanyakazi wa benki, mwanachama mpya, alikuwa ameshasema kwa woga kwamba ukungu umemgusa, ila macho yake kila mara yanarudi kwenye kile kitu cha pembeni, na angependa kujua ni nini.

"Tuanze na kilima," alisema Pimamaji, akiwa amesimama sasa. "Kilima kimelewa. Tazameni kinavyoangukia kulia. Na nyumba nayo imeona kilima kinaondoka, imefunga virago imfuate mwenyeji wake. Mimi ningekuwa mbuzi wa huko ningetembea kwa fimbo."

Walicheka. Hata mwenyekiti, mama mmoja mpima ardhi mstaafu ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka, alijifunika mdomo kwa kalamu.

"Bati. Nani anapiga picha bati jipya wakati jua limeliwakia usoni? Limeungua. Limekuwa jeupe kama sahani, halina hata mstari mmoja ndani yake. Mwenye nyumba kapata bati, tumeona, tumempongeza. Asitupofue."

Wakacheka tena. Akamtupia dada yake jicho la pembeni. Dada alikuwa ametulia, mikono mapajani, kama anavyokaa mwalimu anayesimamia mtihani.

"Sasa nije kwa mwenzangu wa benki, anayesema jicho linakimbilia pembeni. Linakimbilia kwa sababu kuna gunia. La mkaa, la mahindi, mimi sijui. Mpigapicha husafisha picha kabla hajabonyeza. Umeona gunia, liondoe. Limekushinda uzito? Basi lifiche."

Akachukua vipande viwili vya kadi nyeusi vilivyokatwa kama kiwiko, ambavyo chama kilivitumia kuonyesha mahali pa kupunguza picha, akaviegesha ubaoni. Kushoto kote kukafunikwa.

"Haya, tazameni. Inapumua au haipumui?"

Ilipumua. Lazima tuseme ukweli, picha ilitulia. Nyumba ilikaa, njia ikapata pa kwenda, na watu wakatikisa vichwa kwa kukubali.

"Mwenye picha aende nyumbani na nini?" mwenyekiti aliuliza, maana hilo nalo lilikuwa sheria: usimwache mtu na kidonda bila dawa.

"Aende na mkasi."

"Haya. Mwenye picha asimame."

Watu waligeuka huku na huku kumtafuta mwenye uso uliopauka. Kiti cha karibu na mlango kikalia, na dada yake Pimamaji akasimama.

"Nimemeza," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ya darasani, isiyopanda wala kushuka. "Kilima ni kweli, niliinamisha simu. Bati pia ni kweli, nilipaswa kungoja jua lipite. Nimejifunza na nashukuru." Kisha akaushika mkoba wake kwa mikono yote miwili. "Ila lile si gunia. Lile ni mama."

Hakuna aliyejua acheke au aseme pole. Binti wa benki ndiye aliyethubutu. "Mama yako?"

"Mama yetu," dada alijibu. "Wangu mimi na wa huyo aliyeshika kadi."

Pimamaji alikuwa bado amezishika. Alizishusha polepole, na kadiri zilivyoshuka ndivyo mama alivyotokea: blanketi la kijivu mabegani, kichwa kimeinamia ungo, kiganja kimoja kikichambua kitu. Alikuwa wazi kabisa. Mtoto mdogo angemwona. Akatazama njia, akaijua. Ndiyo aliyopanda akienda shule. Akatazama kilima alichokiita mlevi, akakumbuka alikovunjikia mkono. Na lile bati. Bati alilituma yeye mwenyewe, akapigiwa simu ya shukrani, akasema haya mama, nina wateja, tutaongea.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alihisi masikio yakiwaka, ulimi umekuwa mzito kama wa mtu aliyeng'olewa jino. Watu wote wale aliowafanya wameze, leo walikuwa wakitazama sakafu kwa kumhurumia, na huruma yao ilimchoma kuliko kama wangemzomea. Mwenyekiti aliitoa picha ubaoni mwenyewe, akairudisha kwenye bahasha, akatangaza chai kabla ya wakati wake.

Alimfuata dada yake ngazini, akamkuta ameshafika barabarani.

"Dada, si ungenikonyeza tu."

"Sheria zenu zinakataza."

"Sikujua, jamani. Wallahi sikujua."

"Najua hukujua. Ungekuwa umejua ukanitania, ningekutukana yakaisha." Alisimama kumpisha mtu mwenye mkokoteni. "Sikuja kukutega, mdogo wangu. Nilifikiri ukiiona tu utaivunja sheria yenu. Nilifikiri utasema, nyie, hapo ni kwetu. Nilikaa pale nangoja useme."

Pimamaji alitazama viatu vyake.

"Na mama anangoja," dada aliendelea. "Nilipompiga ile picha nilimwambia nampelekea mdogo wangu. Akafurahi huyo. Kila nikipiga simu anauliza, mwanangu kasemaje."

"Mwambie nimeipenda."

"Mimi?"

"Mwambie imependwa na wote. Si kuna waliosifu ukungu?"

Dada alimtazama bila ukali. Afadhali angekuwa mkali. "Uongo wako usinibebeshe. Nenda kamwambie mwenyewe, na usimwambie kwa simu."

Aliondoka. Pimamaji alirudi studio, akampiga mteja picha ya kitambulisho, akamkata kidevu. Hakuwahi kumkata mtu kidevu tangu aanze kazi. Usingizi wenyewe siku hiyo ulikuwa wa kubembeleza. Alitunga maneno: angesema mwanga wa siku hiyo ulikuwa hafifu, angesema aliketi mbali, angesema picha ilichapwa vibaya. Yote yalikuwa maneno mazuri na kila moja lilikuwa uongo. Kwa kawaida, uongo mdogo kwa mzazi si dhambi kubwa, watu wanaishi nao. Lakini dada alikuwa ameshamziba njia hiyo.

Kesho yake alifunga studio, akasafiri. Alifika mchana, akapanda ile njia akihema kama mtu asiye wa huko. Kwenye kona ya mwisho alisimama. Mkaratusi uliokuwa unamwonyesha kwamba amefika ulikuwa umekatwa, na mlango uliokuwa unatazama njia ulikuwa umezibwa kwa matofali. Kama si mama kuwa amekaa palepale, ubavuni mwa ukuta, na blanketi lake, angeweza kubisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

Mama aliinua kichwa, akakinga jua kwa kiganja. "Marahaba. Ni wewe?" Kisha uso ukamfunguka wote. "Ni wewe kweli. Na hukusema unakuja. Kaa, kaa, usisimame kama mtoza ushuru. Umekonda au ni shati?"

"Ni shati, mama."

Alikaa chini, karibu na ungo wa maharage. Waliulizana hali, za wajukuu, za dada, za magoti. Alijua swali liko njiani, na lilikuja likiwa limevaa tabasamu.

"Na picha yetu? Dada yako kasema imefika kwa wataalamu."

Alitazama maharage. Angeweza bado. Neno moja tu, na mama angelala na furaha. "Ilifika," alisema. "Nilikuwepo. Niliisema mimi mbele ya watu, bila kujua ni ya kwetu. Nikasema hapa pembeni pana gunia, liondolewe. Nikalifunika." Akainua macho. "Ulikuwa wewe, mama. Nilikuita gunia, watu wakacheka. Nimekuja kukuomba radhi."

Mama alimtazama mdomo wazi. "Gunia la nini?"

"Mama..."

"Nauliza, la nini?"

"La mkaa. Au la mahindi."

"Afadhali la mahindi," mama alisema, na mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akashika mbavu, akajifuta machozi kwa pindo la blanketi. "Mkaa, jamani. Na hili blanketi nalo, nimeshaambiwa nilitupe. Nikikaa hapa hata kuku wananipanda. Usilie, wewe. Mtu mzima analilia gunia?"

Hapo Pimamaji alihisi kifua kikifunguka. Alicheka naye kidogo, kwa aibu, akachukua konzi ya maharage, akaanza kuchambua. Mzigo umekwisha, alijiambia. Kumbe watu huogopa bure.

"Ila nyumba uliijua," mama alisema.

Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayemalizia mazungumzo, mikono yake ikiendelea na kazi. Hakuwa anauliza. Alingoja tu ndiyo yake, kama unavyongoja chenji ndogo unayojua ipo.

Pimamaji aliona mawe madogo kiganjani mwake, ameyachanganya na maharage.

"Sikuijua, mama."

Mikono ya mama ikasimama. Hakukasirika; angekasirika, Pimamaji angejua la kufanya. Alitazama ukuta alioegemeza mgongo wake, akatazama juu, kwenye bati.

"Hata bati? Si lako hilo?"

"Ni langu."

"Ehe," alisema mama, taratibu.

Wakakaa hivyo. Jua liliendelea kuhama, kuku mmoja akaja kukagua ungo, hakuna aliyemfukuza. Kisha mama akaweka ungo chini, akajikokota kusimama kwa kushika ukuta. Pimamaji alipotaka kumsaidia, alimkatalia mkono. Alipokwisha kusimama ndipo yeye akaushika wa mwanawe.

"Haya, njoo."

Alimzungusha upande wa pili wa nyumba. "Mlango tuliuhamishia huku, ule wa zamani ulikuwa unaingiza mvua. Inama, ni mfupi." Akainama. "Hapa ndipo tunapokaa. Kiti hicho kina mguu mbovu, usikikalie. Jikoni ni kule, maji yako kwenye ndoo yenye kifuniko. Choo kiko nyuma, ukitoka kulia."

Pimamaji aliitikia kila chumba, ndiyo mama, ndiyo mama, sauti ikizidi kupungua. Hakukuwa na kejeli yoyote katika maneno ya mama. Alikuwa anaeleza kwa upole uleule anaostahili mtu aliyetoka mbali.

Mwisho wa ukumbi akasogeza pazia la chumba kidogo, kile chenye dirisha linalotazama kilima.

"Na hiki ni cha wageni," alisema. "Utaweka mzigo wako humu."

Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, shuka jeupe limechomekwa kila kona.