Saa Kumi Isiyo na Jioni

Mama alifariki Jumatano asubuhi, na kufikia mchana familia ilikuwa imeshakubaliana azikwe Ijumaa saa kumi jioni. Kitinda, mtoto wa mwisho, alijikunja kwenye kochi na simu yake, akimtafuta kaka yake ambaye nyumbani walizoea kumwita Mrefu. Mrefu alikuwa nchi ya mbali, kule ambako jua linawahi kutoka, akifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Kibali chake cha kuishi kilikuwa kimeisha na kipya hakijatoka; akivuka mpaka, harudi tena. Alipopewa habari alilia. Baadaye akauliza kama angeweza hata kuona tu.

Hilo Kitinda aliliweza, ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kampuni ndogo iliyomwajiri ilikuwa na tovuti ya kurusha shughuli za watu moja kwa moja, harusi, mahafali na misiba, na yeye ndiye aliyeandika sehemu ya tarehe na saa. Mwenye shughuli akijaza saa ya kwake, ukurasa unamgeuzia kila mtazamaji kwa saa ya mahali alipo na kwa mtindo wa kwao: wanaotanguliza mwezi wanaona mwezi mbele, wanaotanguliza siku wanaona siku. Kazi ile ilimtoa jasho. Mama aliwahi kuketi pembeni yake akitazama tarehe moja ikibadilika sura kwenye skrini, akacheka, akasema kumbe binti yake analipwa kwa kuibadilishia Jumatatu nguo.

Mrefu na baba hawakuwa wakiongea. Aliondoka nyumbani kwa ugomvi, akiitupa kazi ya ukarani ambayo baba alimtafutia kwa kujishusha mbele ya watu, na tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mama. Kwa hiyo Kitinda alishangaa jioni ile baba alipomwita jikoni na kumwambia, kwa sauti ya chini, amwekee yule kijana nafasi ya kusema neno makaburini. Iwepo na spika, watu wamsikie.

Kitinda alipiga simu saa ile ile. Mrefu akasema ataandaa neno lake. Akauliza ni saa ngapi kwa saa za kule aliko.

"Usijisumbue na hesabu," Kitinda alimwambia. "Ukurasa utakuonyesha wenyewe."

Kesho yake nyumba ilijaa watu. Kitinda alitakiwa kwenda na mama wakubwa kuchagua nguo za kumzikia mama, na kazi ya kuujaza ukurasa akamwachia baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa katibu wa kila shughuli ya ukoo. Baba mdogo alivaa miwani, akaandika jina la marehemu, akaandika tarehe, akafika kwenye saa. Katika kadi zote alizowahi kuandika maishani mwake aliandika "saa 10:00 jioni", basi na hapo akaandika hivyo. Kisanduku kikapokea namba, kikakataa neno jioni. Akajaribu tena, kikakataa. Alimwambia mkewe kwamba mashine hizi hazitaki maneno mengi, akaliacha jioni nje, akabonyeza kuhifadhi.

Ukurasa haukuona kosa lolote. Kwa ukurasa, 10:00 ni saa ya mashine inayohesabiwa tangu usiku wa manane, yaani saa nne asubuhi. Kiungo kikasambazwa kwenye simu za ndugu. Pale nyumbani walioona 10:00 walisoma saa kumi jioni, maana ndivyo walivyokwisha kuambiwa kwa mdomo. Kitinda mwenyewe alikiangalia kwa macho yaliyovimba, akaona namba aliyoitegemea, akaendelea na mengine. Mrefu peke yake ndiye aliyekuwa akiutegemea ukurasa umwambie.

Ijumaa Mrefu aliomba ruhusa kazini. Alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, akaketi kwenye ukingo wa kitanda katika chumba alichopanga na wenzake, akaiegemeza simu kwenye chupa ya maji. Saa aliyoonyeshwa ikafika. Skrini ilikuwa nyeusi, na chini yake maandishi kwamba shughuli haijaanza. Akangoja. Alimpigia Kitinda, simu ikaita hadi ikakatika, kwa kuwa wakati huo Kitinda alikuwa hospitali kuuchukua mwili na mkoba wake wenye simu umebaki nyumbani. Akampigia baba mdogo, hakupokea. Aliitazama skrini ile mpaka mwanga wa dirishani ukaanza kufifia.

Hapo akakumbuka siku aliyoondoka. Baba alimwambia asitegemee kuja kumzika mtu wa nyumba ile, na baba hakuwa mtu wa kurudi nyuma akishasema. Mrefu akaamini amefungiwa mlango, na kwamba ile habari ya kusema neno ilikuwa ya kumnyamazisha tu. Alimwandikia Kitinda ujumbe, akazima simu, akavua shati. Akaenda kuomba zamu ya usiku, maana chumba kilimshinda.

Alipokuwa akifunga kamba za buti zake kazini, huku kwao jua la alasiri lilikuwa bado linachoma, na watu ndio kwanza wanafika makaburini. Kitinda alisimamisha kamera, akaweka spika karibu na kaburi. Watazamaji waliingia mmoja mmoja, ila jina la kaka yake halikuonekana. Aliazima simu ya mtu akampigia, hapatikani. Zamu ya neno ikafika, baba mdogo akatangaza kwamba mtoto wa pili atazungumza kutoka huko aliko. Watu wakanyamaza. Spika ikatoa mkwaruzo, kisha kimya.

"Tumngoje," baba alisema.

Wakangoja. Wachimbaji waliegemea majembe yao. Mtoto mchanga akaanza kulia, mama yake akamtoa pembeni. Baba aliikazia macho ile spika kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo ndani. Watu walipoanza kutazamana, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti.

"Fukieni," alisema. "Huyo alishatuzika sote zamani."

Waliosimama karibu walisikia, na wa mbali wakaambiwa.

Kitinda aliukuta ujumbe usiku huo alipofungua mkoba. *Mngeniambia tu kwamba hamnitaki. Nilivaa, nikakaa, nikawangoja.* Aliusoma mara mbili, akaufungua ukurasa, akaugeuza uonyeshe saa ya kule kwa kaka yake. Alipoiona, akampigia papo hapo. Hakumpata hewani hadi asubuhi.

"Kaka, hakuna aliyekufungia," alimwambia. "Baba mdogo aliandika kumi, ukurasa ukachukulia kuwa ni asubuhi. Ulikuja mapema mno."

Mrefu akazihesabu saa upya kwa vidole.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanisubiri?"

"Baba ndiye aliyesema tukusubiri."

Akasikia pumzi za kaka yake zikikatika. "Mama anashushwa," Mrefu alisema, "na mimi nimemnunia, napanga maboksi."

Kitinda alimwambia kila kitu kimerekodiwa, angeweza kumtumia. Mrefu akasema hapana. Picha iliyorekodiwa haina wa kumngoja.

Baba naye aliambiwa. Alikuwa ameketi kitandani, upande wa mama, na alimtaka Kitinda arudie polepole. Aliuliza kama ni kweli kijana alivaa kabisa, akakaa. Alipojibiwa ndiyo, akafunika uso kwa kiganja.

"Nimemsema vibaya mbele ya watu," alisema. "Nipigie."

Waliongea. Waliulizana afya, wakaulizana kazi, kila mmoja akamaliza sentensi yake na kusubiri, na hakuna aliyejua pa kupitia bila mama. Baba akasema, "Haya mwanangu, nisikucheleweshe," akamrudishia Kitinda simu ikiwa bado haijakatwa.

Kitinda aliporudi ofisini aliongeza maneno pembeni ya kile kisanduku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Pia alihakikisha ukurasa unamsomea mtu kwa maneno saa aliyoijaza kabla ya kuipokea. Msimamizi wake aliisifu kazi ile mbele ya wenzake, akasema ni jambo dogo lakini lenye akili. Kitinda alishukuru, akatoka, akaketi kwenye ngazi hadi mwenzake mmoja alipokuja kuketi naye bila kumuuliza kitu.

Jioni moja alimwomba kaka yake amwambie lile neno alilokuwa amewaandalia.

"Sikuwaandalia nyinyi," Mrefu alisema kwa upole. "Lilikuwa la mama."

Kitinda hakumbana. Wakaongea habari za mvua, kisha Mrefu akaaga.