Wachimba Kisima Watatu

Nianze na aibu ya kwanza, ile ndogo: nilimwonea aibu dada yangu.

Dada anafua mashuka ya hospitali. Mimi natoa kopi na kuchapisha kadi za mialiko kwenye duka la mtu, na Jumamosi mchana, tukishafunga, chumba cha nyuma hugeuka uwanja wa Falme Tisa. Ni mchezo wa kadi za majoka, wachawi na askari. Kila mtu hujipangia fungu lake la kadi arobaini, tunaliita deki, na kwa hilo humpiga mwenzake mpaka uhai wake uishe. Mwenye duka, tunayemwita Wino kwa sababu vidole vyake havijawahi kutakata, ndiye aliyetuambukiza ugonjwa huu. Mimi nikaishia kuwa mpiga domo. Dada akawa bingwa.

Tena bingwa wa deki ya makombo. Kuna kadi moja ya joka inayoweza kukununulia jozi ya viatu vizuri, na kuna kadi ambazo watu huziacha mezani wakaenda zao. Dada aliishi kwa hizo za kuachwa. Aliziokota miezi minane, akiomba hapa, akibadilishana pale, na ukimuuliza moja moja atakwambia kwa nini imo. Joka hakuwa nalo hata la dawa. Alikuwa na wachunga mbuzi, wafagiaji, na kadi tatu za Mchimba Kisima, babu mwenye sururu na mgongo uliopinda. Hao watatu aliwatoa kwenye kapu letu la karatasi taka, nikimwona kwa macho yangu.

"Dada, huyu babu ni wa nini?"

"Mwache babu wa watu. Usione wembamba wa reli, mdogo wangu."

Kisha akaja daktari wa meno. Alikuwa bingwa wa klabu ya upande wa pili wa mji, na yeye na dada walitakiwa kupambana. Mshindi angekwenda mashindano makubwa, nauli na chumba cha hoteli vimelipiwa. Dada alisema hilo kombe hata asipolipata si neno. Alichotaka ni kulala siku mbili juu ya mashuka yaliyofuliwa na mtu mwingine. Alisema akicheka, lakini mimi namjua. Alikuwa ameshaazima begi.

Daktari alipita wiki moja kabla, kusalimia. Akazipekua kadi za dada kwa ncha ya kidole.

"Hizi si ndizo watoto wangu wanawekea alama kwenye vitabu?"

Watu wakacheka. Dada naye akacheka. Mimi uso ukaniwaka, na hasira zangu, badala ya kwenda kwa daktari, zikaenda kwa babu mwenye sururu.

Alhamisi, Wino alipotoka kwenda benki, nikachapisha Joka la Majivu, ile kadi ya bei ya viatu, nakala tatu. Kadi halisi ni nyembamba, najua. Karatasi ndiyo kazi yangu, naipima kwa kidole gumba. Lakini niliona haya kumpa dada kitu chembamba. Nikachukua karatasi nzito kuliko zote dukani, nikazikata pembe kwa mviringo, zikatoka nzuri kuliko za kweli. Ijumaa, dada akiwa bafuni, nikazivalisha vifuko vya plastiki kama vya kadi zake nyingine na kuzichanganya kwenye deki. Ili zibaki arobaini ilibidi tatu zitoke. Sikufikiri mara mbili. Wachimba Kisima wakaingia mfuko wa shati langu.

Nilidhani atashangaa tu joka likimtokea mkononi, amshukuru Mungu, amchape daktari. Wazo la mtu mzima hilo.

Jumamosi chumba kilijaa. Desturi yetu ni raundi tatu, na kabla ya kila raundi unampa mpinzani deki yako aichanganye. Raundi ya kwanza daktari aliichanganya kwa dharau, huku akiongea na watu. Dada akaanza kushusha wachunga mbuzi na wafagiaji, mmoja mmoja, bila haraka. Kila zamu alivuta kadi, akaitazama, akasubiri. Sikuwa nimewahi kumwona akisubiri hivyo. Alishindwa kwa uhai mmoja tu, na daktari alikuwa anatoka jasho.

Raundi ya pili daktari aliichanganya deki kwa makini. Gumba lake likasimama. Likarudi. Akavuta kadi moja, ya pili, ya tatu, akazilaza mezani zikiwa zimefunuka.

"Mama, haya majoka umeyapika nyumbani?"

Dada aliyatazama. Hakunitazama mimi.

"Deki ni yangu," alisema. "Kilichomo ni changu."

Wino akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina la dada kwenye orodha, kama sheria inavyotaka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilikuwa na mdomo. Sikuutumia.

Njiani, karibu na nyumbani, dada alinigeukia.

"Ulitoa zipi?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Alizipokea, akazifuta jasho langu kwa upindo wa kanga.

"Huyu akitokea, kila mchunga mbuzi na mfagiaji aliyeko mezani ananiletea kadi mpya. Wote wale wapo kwa ajili yake." Akazipanga vizuri. "Ungeniuliza."

"Nitamwambia Wino."

"Sawa."

Jumatatu sikumwambia; kulikuwa na wateja. Jumanne mashine iligoma. Jumatano hakukuwa na wateja wala mashine haikugoma, nikafagia duka mara tatu. Wino alinisalimia kila asubuhi, akanitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda zake.

Jumamosi, watu wameshakaa, nikasimama. Nikasema yote: karatasi, bafu, mfuko wa shati. Nilitegemea kelele. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja alikuwa akizitazama kucha zake.

"Karatasi yangu mwenyewe nisiijue?" Wino alisema polepole. "Tulijua siku ile ile. Dada yako alinipigia simu, akaniomba nisikufukuze na mtu yeyote asikuulize. Alisema, mwacheni, atasema mwenyewe kesho."

Kesho. Kesho yangu ilikuwa imechukua siku saba.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Daktari alikuwa ameshapanda basi la mashindano, na begi la kuazima halikuwepo tena nyuma ya mlango. Dada alikuwa uani anaanua shuka letu kubwa kwenye kamba.

"Umesema?"

"Nimesema. Nisamehe, dada."

"Shika ncha ile."

Nikashika. Shuka likikunjwa na watu wawili lazima wakutane katikati. Nilipomfikia sikuweza kuinua macho, nikaona mikono yake tu, ngozi imechubuka kwa sabuni ya hospitali. Alizichukua ncha mikononi mwangu, akasubiri kidogo, kisha akanyoosha mkono kwenye kamba kuchukua shuka la pili.