Kutu na Mzee Huruma

Jamani, kuna watu wana roho nzuri mpaka wanatia hasira.

Daktari wa maharage alirudi kutoka safari ya wiki mbili akakuta shamba lake la wagonjwa limepona. Na wagonjwa ndio aliowataka! Misimu sita amepanda mbegu za kila aina, kila moja mstari wake, katikati ya maharage yenye kutu, ule ugonjwa wa madoa mekundu ya unga unga, ili aone ni aina ipi itakayogoma kuugua. Tangu joto lizidi na mvua zianze kuja zinavyojisikia, kutu ilikuwa imewamaliza wakulima. Mama yake mwenyewe alishang'oa ya kwake, akaapa hapandi tena. Na wakubwa kazini walishasema: msimu huu usipotoa jibu, utafiti unafungwa.

Sasa majani yalibaki na makovu makavu, na dawa ilinuka mpaka getini.

"Mzee, umefanya nini?"

Msimamizi wa shamba, aliyebandikwa jina la Mzee Huruma kwa kuwa hapiti penye mche ulionyauka bila kusimama, alijifuta mikono. "Yalikuwa yanakufa, mwanangu. Nikayapigia dawa."

"Nilitaka yafe! Nimekuambia mara ngapi? Nikaweka na kibao, MARUFUKU KUPIGA DAWA, kwa rangi nyekundu!"

"Nilikiona."

"Ulikiona! Ee Mungu, nipe subira."

Alitupa daftari chini, akaliokota, akalitupa tena. Alimfokea mzee wa watu, rika la baba yake, mpaka sauti ikamkauka. Misimu sita yote imekwenda na maji! Machozi yakamtoka, na hayo nayo yakamuudhi.

Mzee alingoja. Alipoona kumetulia, akasema huku amenuna, "Basi hata ahsante ya kubana dawa sipati. Nimepiga kwa wagonjwa tu. Mzima umpe dawa ya nini?"

Daktari akainua kichwa. "Mzima yupi?"

"Si ule mstari wa kumi na saba. Tangu uondoke sijaugusa."

Alikwenda mbio, akapiga magoti matopeni, akageuza jani la kwanza, la pili, la kumi. Safi. Kulia makovu, kushoto makovu, katikati kijani kitupu. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni shamba la mama yake.

"Sasa muda wote huo nafoka, mzee, kwa nini hukusema?"

"Uliniachia nafasi?"