Sandwichi ya Mzee Bati

Mdogo wangu alikuwa anaisukuma sahani kwa kidole kimoja, na mimi damu ilikuwa inanichemka.

"Siyo yenyewe, dada."

"Siyo yenyewe kivipi? Mkate upo, yai lipo, kitunguu cha siki kipo, pilipili ipo. Au unataka nimfufue na muuzaji?"

Akatabasamu kidogo, kisha akageukia ukutani. Huyu ndiye fundi magari ambaye mtaa mzima unamwita Spana, mtu wa kubeba giaboksi peke yake. Tangu homa ya mapafu imlaze hospitali, suruali zake nazipunguza kwenye cherehani yangu, na kila nikizipunguza zinampwaya tena. Daktari alituambia bila kupepesa macho: asipoanza kula kabla ya kliniki ya Ijumaa, analazwa tena na kuwekewa mpira wa kulishia puani. Niliogopa, nisiseme uongo. Safari hii sikuwa na uhakika kama angetoka.

Kitu pekee alichokitaja kwa hamu ni sandwichi ya Mzee Bati, aliyekuwa akituuzia nje ya geti la shule, mkate akiuchoma juu ya kipande cha bati. Basi nikaingia jikoni. Ya kwanza niliikaanga kwenye kikaango. Akasema laini mno. Ya pili nikaichoma juu ya bati nililolisugua mpaka kucha zikaniisha, nyumba nzima ikajaa moshi. Akasema hiyo afadhali, akamega kidogo, akaacha. Hii ya tatu ilikuwa imetoka yenyewe kabisa, kingo zimekauka, siki inapanda puani. Naye anaisukuma!

"Haya, usile," nikasema. Tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu mdomoni, nimeshinda nampikia mtu anayenuna. Nikashika kisu, nikaikata kwa hasira, ikakatika upande, nikanyoosha mkono kwenye kipande kikubwa.

"We! We dada!"

Alikuwa ameketi. Sijui aliketije, maana asubuhi nilimwinua mwenyewe kwa mito.

"Nini tena?"

"Umekata wewe, halafu unachagua wewe? Nitamwambia mama!"

Mkono ukabaki hewani. Mama yetu alishazikwa zamani. Lakini enzi zake alikuwa akitununulia sandwichi moja kwa watu wawili, na ili tusitoane macho aliweka sheria: mmoja akate, mwenzake achague. Nzima hatukuwahi kula hata siku moja. Na mimi siku zote hizi nilikuwa nampelekea nzima, peke yake, kwenye sahani ya wageni.

"Chagua basi, nina njaa," nikasema, nikamsogezea sahani.

Akavikagua vipande kama anavyokagua matairi, akavifunua kimoja kimoja, akachungulia yai limeegemea wapi. Tabia hiyo ilikuwa inanikera tangu utotoni, na siku hiyo niliipenda mpaka basi. Akachukua kikubwa. Akang'ata, akatafuna, akameza, jicho liko kwenye changu. Nikala haraka makusudi, naye akaongeza kasi.

"Taratibu, utapaliwa!"

"Taratibu wewe!"

Akamaliza. Akajifuta makombo kwenye ndevu, akanitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

"Umenipunja," akasema. "Kesho nakata mimi."

Nikamwambia akate vizuri, maana mwenye kuchagua ni mimi.