Kitanda cha Pap Onditi

Mzee Owiti alipofariki, wakili Jacinta Waliaula hakutoa pole kwanza. Alisema, "Tumepoteza shahidi."

Nduta alikuwa amekaa mbele yake, katika ofisi iliyo juu ya duka la dawa mjini Kisumu, macho yamevimba. Wakili hakukosea. Nduta na Tom Owiti walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na mmoja bila cheti cha ndoa na bila mtoto. Mahari haikupelekwa kwao Nyahururu, kwa sababu baba yake Nduta alikataa kupokea posa ya Mjaluo, akafa akiwa bado amekataa. Sasa Tom alikuwa na mwanamke mwingine. Nyumba ya Mamboleo ilijengwa kwa faida ya hoteli ya Nduta, lakini hati ilikuwa na jina la Tom peke yake. Nduta alipoomba talaka na mgawo wa nyumba, Tom alijibu mahakamani kwamba hapakuwa na ndoa ya kuvunja. Mtu mmoja tu wa ukoo ule, mzee Owiti, baba yake Tom, alikuwa tayari kuapa kwamba Nduta ni mke wa Tom, naye sasa alikuwa mochari.

"Ungesema pole kwanza," Nduta alisema.

"Pole. Mazishi ni lini?"

"Jumamosi. Nyumbani kwao, Pap Onditi."

"Utaenda."

"Tom atanifukuza."

"Akikufukuza mbele ya watu, vizuri zaidi. Mtu hamfukuzi mpita njia kwa kelele." Wakili alisogeza miwani yake. "Sasa sikiliza. Kupika si ushahidi. Una hoteli, kila mtu anajua unapika. Lala kwenye nyumba ya Tom pale bomani. Na wake wa boma wakiitwa kusimama, simama nao. Nitataka picha."

"Mimi nataka kumlilia mzee."

"Lia. Lakini lia ukiwa umekaa na wake."

Nduta alifika Pap Onditi Jumatano. Adero, mama yake Tom, alimpokea kwa kumkumbatia na kumwita nyathina, mtoto wangu. Tom alimsalimia kwa adabu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwaka mzima. Nduta alikoroga ugali wa waombolezaji, akakanda chapati, na usiku akalala katika nyumba ya Tom, kwenye kitanda alichokinunua yeye mwenyewe siku nyumba hiyo ilipoezekwa. Alijipiga picha mlangoni, akamtumia wakili.

Ijumaa jioni, mwili ukiwa umeshafikishwa, Adero alimfuata jikoni.

"Nyathina, wageni wa Port Victoria wamefika na hawana pa kulala. Mmoja ana shida ya mgongo. Wape ile nyumba, leo tu."

"Na mimi, mama, nilale wapi?"

"Hapa jikoni kwangu, karibu na mimi. Wewe si mgeni. Kukiwa na msiba, mwenye nyumba ndiye analala vibaya."

Nduta alikumbuka maneno ya wakili. Lakini alikotoka yeye, kumpisha mgeni kitandani ni heshima, na kumnyima siku ya msiba ni aibu isiyosahaulika. Alienda akabadilisha mashuka kwa mikono yake, akatandika vizuri, akarudi jikoni kulala kwenye mkeka.

Asubuhi mlango wa nyumba ya Tom ulifunguliwa, akatoka Akinyi, yule mwanamke mwingine. Aliinama kuchukua maji ya kunawa, akainuka na karai bila kujishika popote. Mgongo wake haukuwa na tatizo lolote.

Nduta alirudi jikoni. Ilikuwa siku ya kuzika. Muda mfupi baadaye simu yake ilimletea pesa kutoka kwa Tom, naye akapata nafuu. Alidhani Tom ameona aibu. Alidhani amemtumia matumizi, kama mume anavyomtumia mke nyumba inapojaa watu. Akaagiza sukari na mikate, maana waombolezaji walikuwa wengi kuliko chakula.

Baada ya maombi, msemaji wa siku hiyo, Gordon, binamu yake Tom, alishika kipaza sauti na kuanza kutambulisha jamii.

"Wake wa boma, simameni tuwaone!"

Nduta alisimama.

"Wewe mama, pole pole! Zamu yenu inakuja," Gordon alisema, na watu wakacheka. "Hapa tuko na bibi ya Tom, Akinyi! Tom, hii mali ulikuwa umeificha wapi?"

Akinyi alipunga mkono. Nduta hakukaa. Hakujua angekaaje.

"Sasa tushukuru waliotuhudumia. Mwenye hema! Mwenye spika! Na mama wa hoteli kutoka Mamboleo, huyo tayari amesimama. Hizo chapati, mama! Karibu marehemu aamke aombe moja!"

Walimpigia makofi mengi kuliko mwenye hema.

Kesi ilisikilizwa miezi mitatu baadaye. Wakili wa Tom alikuwa kijana mwenye sauti ya upole.

"Siku ya mazishi, mama, uliitwa usimame pamoja na nani?"

"Na mwenye hema. Na mwenye spika."

"Hao wote mteja wangu aliwatumia malipo asubuhi ile. Wewe pia alikutumia?"

"Yalikuwa matumizi ya nyumba."

"Alikwambia ni matumizi?"

"Hapana."

"Ulizirudisha pesa hizo?"

"Nilinunua sukari."

Kisha akamwita Adero, aliyepanda kizimbani akiwa na kitambaa cheusi cha ujane.

"Mama, kwa mila yenu, mke mdogo anaweza kulala kwenye kitanda cha mke mkubwa?"

"Hapana! Huo ni mwiko. Unaleta kifo."

"Usiku ule Akinyi alilala wapi?"

"Nyumba ya Tom. Kwa kitanda."

"Nani alimfungulia?"

"Mimi mwenyewe."

"Na kama Nduta angekuwa mke wa Tom?"

"Si ndio nasema hakuwa! Nimetoka kuzika bwana, nianze kuua mtoto?"

Jacinta Waliaula alisimama. "Mama Adero, Nduta ulikuwa ukimwita nyathina, mtoto wangu. Kweli au si kweli?"

"Kila mtu mdogo ni nyathina," Adero alisema. "Hata wewe, nyathina. Unakaa umechoka."

Hakimu mwenyewe alitabasamu. Jacinta akaketi.

Hukumu ilikuwa fupi. Kukaa pamoja hakukutosha kuthibitisha ndoa, kwa kuwa jamii ya mume haikuwahi kumtambua mlalamikaji kama mke, na mwenendo wake mwenyewe msibani ulionyesha hivyo. Kuhusu ujenzi wa nyumba, aliwalipa mafundi taslimu na hakuwa na uthibitisho. Alipewa hadi mwisho wa mwezi kuhama.

Nje ya mahakama Nduta alimshika wakili mkono wa koti.

"Huo mwiko, kwa nini hukuniambia?"

"Sikuujua. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nilikwambia ulale pale. Huhitaji kujua sababu ndipo ulale." Aliutoa mkono wa Nduta taratibu. "Tunaweza kukata rufaa, lakini sikushauri. Majibu uliyatoa mwenyewe."

Nduta alikuwa akifunga vyombo katika nyumba ya Mamboleo simu ilipolia. Alikuwa Adero.

"Nyathina, tunafanya makumbusho ya mzee mwezi ujao. Watu bado wanasifu chakula chako. Utakuja kutupikia?"

Nduta aliketi juu ya sufuria kubwa iliyofunikwa.

"Watu wangapi?"

"Mia tatu hivi."

Alitaja bei. Ilikuwa bei yake ya kawaida, ile anayomtoza mtu yeyote. Adero akaanza kuomba apunguziwe. Nduta alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia haitapungua, na nusu itangulie.